Tupeane uzoefu: kuagiza na kulipia kahawa kwa simu

Mpenda Kahawa

Habari za wakati huu, wadau.

Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kukusanya uzoefu wetu wa kuagiza na kulipia kahawa kwa simu. Mjadala huu huzuka kila mara katikati ya nyuzi nyingine, mmoja anasifia, mwingine analalamika, kisha unapotea bila mtu kuondoka na chochote.

Niweke msingi kwanza, maana tunachanganya mambo mawili. Kuna kulipa kwa simu ukiwa umeshasimama kaunta, na kuna kuagiza na kulipa ukiwa mbali ili ukifika uchukue na kuondoka. Starbucks, kampuni kubwa ya maduka ya kahawa, walianza kupokea malipo kwa msimbo wa kwenye simu katika maduka yao ya Marekani Januari 2011. Kuagiza kabla ya kufika kulijaribiwa kwanza katika mji wa Portland mwishoni mwa 2014, kukaenea nchi nzima Septemba 2015. La kwanza limegusa pochi tu. La pili limegusa duka zima, hadi nani anahudumiwa mwanzo na mhudumu afanye kazi kwa kasi gani.

Kulipa kwa simu mimi sina neno nako. Sisubiri chenji na risiti inabaki mkononi. Kuagiza nikiwa njiani ndiko kunakonitatiza. Simu inapokea oda papo hapo na kuniahidi dakika chache, nafika nakuta watu wamejazana mbele ya rafu ya kuchukulia na wahudumu jasho linawatoka. Naipenda kahawa na nawaheshimu wanaoitengeneza, kwa hiyo nataka kuusikia ukweli wa pande zote mbili. Mnaofanya kazi nyuma ya kaunta, nyie hasa ndio nawasubiri.

Karibuni.

Asubuhi Mapema

Mimi naingia zamu ya alfajiri. Naagiza nikishafunga mlango wa nyumba, nikipita nachukua. Habari za foleni sitaki hata kuzisikia tena.

Angalizo moja: tazama jina la tawi kabla ya kubonyeza lipa. Programu nyingi hukuletea tawi ulilotumia mara ya mwisho, si lililo karibu na ulipo sasa.

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi, na ningependa uzi huu usiishie kwenye foleni na dakika.

Kwa mtu kama mimi kuagiza kahawa kwa mdomo ni shughuli pevu. Sauti yangu haieleweki kwa asiyenizoea, na mashine ya kusaga ikishawashwa ndiyo basi kabisa. Mhudumu anauliza ukubwa wa kikombe huku ameinamia mashine, midomo siioni. Nikionyesha kidole kwenye orodha anaelewa kinywaji, lakini hapo maswali ndiyo yanaanza: maziwa gani, ya moto au ya baridi, unakunywa hapa au unabeba? Nyuma yangu watu wanahema kwa kuchoka. Kwa miaka mingi nilikuwa naagiza kahawa nyeusi kwa sababu haina maswali, wala haikuwa kwa kuipenda.

Kwenye simu nachagua mwenyewe, polepole, hakuna anayenitazama. Ndipo nilipojua kwamba napenda late, yaani espreso iliyojazwa maziwa, yangu ikiwa na maziwa ya soya na povu kidogo. Mtu mzima, nimekunywa kahawa maisha yangu yote, ndiyo kwanza najua ninachokipenda. Naomba wanaosema simu imeua mazungumzo kaunta walifikirie hili, kwa sababu mazungumzo hayo wengine hatukuwahi kuwamo.

Kilichobaki ni kuitwa. Maduka mengi wanaita jina kwa sauti kahawa ikiwa tayari, nami nasimama nikikodolea macho kila kikombe kinachowekwa. Wapo wenye skrini inayoonyesha namba za oda zilizo tayari, Mungu awabariki. Ninakokwenda siku hizi skrini hakuna, lakini yupo dada mmoja kaunta ambaye akiweka kikombe changu rafuni hukigeuza ili stika ielekee kwangu, halafu anainua mkono mpaka macho yetu yakutane. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Wenye maduka, wekeni skrini.

Mpenda Kahawa

Mikono Inasema, asante sana ndugu yangu. Uzi huu ungekuwa na mchango wako peke yake ungetosha.

Salio Sifuri

Yangu ni malalamiko. Nimeagiza, nimeweka namba ya siri, duara likazunguka weee, kisha ikaandika "oda haijakamilika". Kutazama upande wa benki, pesa imeshakatwa. Kaunta wananiambia oda yangu hawaioni. Benki wananiambia nizungumze na duka. Nimeondoka bila kahawa na bila pesa. Jamani, katika hali kama hii mtu anamshika nani?

Fundi wa Malipo

Salio Sifuri, pole sana mkuu. Kazi yangu ni mifumo ya malipo, acha nieleze kwa lugha nyepesi.

Ukilipa kwa kadi iliyounganishwa na programu, benki kwanza *huzuia* kile kiasi. Kinapungua kwenye salio lako lakini bado hakijaenda dukani. Duka hukichukua baadaye, likishathibitisha oda. Mtandao ukikatika hapo katikati, oda inakufa lakini zuio linabaki, na ndiyo maana kila upande unakurusha kwa mwenzake. Kwa kawaida zuio hilo huachiwa lenyewe baada ya siku kadhaa. Ila kama umelipa kwa pesa ya mtandao wa simu, pesa huwa imeshahama moja kwa moja, hairudi mpaka uombe muamala urudishwe. Kwa hiyo jua kwanza umelipa kwa njia ipi, ndipo ujue mlango wa kugonga. Na duara likizunguka, usibonyeze lipa tena kabla ya kutazama ujumbe wa muamala. Namba ya muamala itunze, hiyo ndiyo ushahidi wako. Picha ya skrini peke yake haina nguvu, kwa sababu yeyote anaweza kuichezea.

Kuna wanaoogopa kugusisha simu kwenye mashine wakidhani kadi yao inaibwa hewani. Mawasiliano hayo, NFC, hufanya kazi kwa umbali wa sentimita chache tu, na huduma kama Apple Pay hazimpi muuzaji namba halisi ya kadi yako. Zinatoa namba mbadala iliyofungwa kwenye simu hiyo pamoja na msimbo wa muamala huo mmoja. Duka likidukuliwa kesho, namba ya kadi yako haimo. Ukilinganisha na kumkabidhi mtu kadi yenyewe mkononi, mimi nachagua simu bila kusita.

Cha kutazama kwa jicho kali ni msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Uligunduliwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na yeyote mwenye printa anaweza kutengeneza wake. Matapeli hubandika wao juu ya ule wa duka. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la anayelipwa. Lisipofanana na la duka, acha, nenda kaunta.

Nyuma ya Kaunta

Mpenda Kahawa umetuita, nami nimekuja. Mimi ni barista, yaani mtengeneza kahawa, na nilikuwa kazini kabla ya oda za simu na baada yake.

Pembeni ya mashine yangu ya espreso kuna kiprinta kidogo cha stika. Kila oda ya simu ikiingia, kinalia na kutoa stika yenye jina na maelezo, nami naibandua na kuibandika kwenye kikombe. Saa za msongamano hakinyamazi. Ukanda wa stika unaning'inia mpaka chini ya kaunta, na mteja aliyesimama mbele yangu hauoni. Yeye anaona watu wawili tu mbele yake na anajiuliza kwa nini nimechelewa. Anadhani mimi mzembe. Kumbe mbele yake kuna watu wengine chungu nzima ambao wako kwenye basi, kitandani, au wanavuka barabara.

Hili si langu peke yangu. Januari 2017 Starbucks wenyewe walieleza hadharani kwamba oda za simu zilisababisha msongamano kwenye sehemu ya kuchukulia vinywaji, hadi baadhi ya walioingia dukani wakaondoka bila kununua. Na Brian Niccol, aliyeanza kuiongoza kampuni hiyo Septemba 2024, aliweka lengo la kinywaji kutoka ndani ya dakika nne na kutaka oda za simu zipangwe upya ili zisimfunike aliyesimama kaunta. Nilifurahi kusikia likisemwa kutoka juu, maana huku chini tulishalisema mpaka tukachoka.

Ipo mifumo inayomruhusu msimamizi kusitisha oda za simu kwa muda, au kurefusha muda anaotajiwa mteja. Nilipokuwa awali kitufe hicho kilikuwepo, lakini tulikatazwa kukigusa kwa sababu kinapunguza mauzo. Ninapofanya kazi sasa tunakitumia. Mteja anaandikiwa dakika ishirini badala ya nane, anaamua mwenyewe aje au asije. Ugomvi umepungua na kahawa imekuwa nzuri zaidi, nawaapia.

Na kuhusu kahawa yenyewe, hapa nisikilizeni. Espreso inatoka kwa takriban nusu dakika. Maziwa tunayapasha hadi nyuzi 60 au 65, hapo ndipo utamu wake unapojitokeza na povu linakuwa laini. Lakini povu halisubiri mtu. Kapuchino ikikaa rafuni dakika kumi, povu limejitenga juu na maziwa yamebaki chini, halafu mtu anatuandikia kwamba kahawa yetu mbaya. Ukiagiza ukiwa mbali, chagua kahawa ya kuchuja au espreso iliyoongezwa maji ya moto, hizo zinavumilia. Kapuchino iagize ukiwa karibu kabisa, au njoo tukutengenezee ukiwa umesimama hapa.

La mwisho, na hili ni la uhai. Kama mwili wako haupatani na maziwa au karanga, usitegemee kile kisanduku cha maelezo. Maandishi hayo hutoka chini kabisa ya stika, madogo, na yakiwa marefu hukatwa. Piga simu dukani au mwambie mhudumu ana kwa ana.

Asubuhi Mapema

Nyuma ya Kaunta, umenifungua macho. Mimi ni miongoni mwa hao walio kwenye basi, na siku zote nilidhani oda yangu inakupunguzia kazi.

Mtoto wa Mwisho

Mimi nawasemea wasio humu. Mama yangu ana simu ya vitufe, anaipenda na haina tatizo lolote. Tulipita mahali tukanywe kahawa, akatoa noti yake vizuri kutoka kwenye kitambaa, akaambiwa hapa hatupokei pesa taslimu, skani hapo mezani. Aliirudisha noti taratibu, akaniambia tuondoke. Nililipa kwa simu yangu, ndiyo, lakini alitaka kuninunulia yeye. Ile furaha ya mzazi kumnunulia mwanawe hakuna programu iliyomrudishia siku ile.

Huko Marekani, jiji la Philadelphia lilipitisha sheria mwaka 2019 kuzuia maduka kukataa pesa taslimu, na jiji la New York likafuata 2020. Naamini ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali. Biashara kama Luckin Coffee ya China, iliyoanza 2017, zimejengwa juu ya kuagiza kwa programu tangu mwanzo, na sikatai kwamba zimefanikiwa. Ninachokataa ni simu kugeuzwa tiketi ya mlangoni.

Salio Sifuri

Mtoto wa Mwisho, nakuunga mkono asilimia mia. Na simu ikizima chaji je? Wewe mwenye simu ya gharama unakuwa kama mama tu.

Mrejesho: Fundi, lilikuwa zuio kama ulivyosema. Pesa imerudi. Nashukuru sana.

Pointi Tele

Hakuna aliyegusa pesa tunazoziweka ndani ya programu za maduka ili kupata pointi. Ukishaiweka, huwezi kuitumia kwingine, na mara nyingi inabaki chenji kidogo isiyotosha hata kikombe kimoja, kwa hiyo unaongeza tena. Kwa Starbucks pekee, pesa za wateja zilizokaa kwenye kadi na programu zinazidi dola bilioni 1. Kampuni inazizungusha bila kumlipa mteja riba.

Mimi nimeunganisha kadi moja kwa moja, nalipa kile nilichoagiza basi. Nikikosa pointi chache sijali. Na soma masharti ya pointi, maana huisha muda na viwango hubadilishwa.

Mpenda Kahawa

Nyuma ya Kaunta, swali moja dada yangu, au kaka, samahani sijajua. Mtu akichukua kikombe changu kutoka kwenye ile rafu, iwe kwa makosa au kwa makusudi, mnafanyaje? Na mimi nifanye nini bila kuwaongezea mzigo?

Nyuma ya Kaunta

Ni dada, usijali.

Hutokea mara nyingi, hasa majina yakifanana. Usirudi nyuma ya foleni, na usiagize upya kwenye simu kwa sababu utalipa mara mbili. Njoo upande wa kuchukulia, si kwenye malipo, unionyeshe namba ya oda kwenye simu yako. Namba inatosha, hadithi yote sihitaji. Nitakutengenezea kingine hapohapo kabla ya stika inayofuata. Na kwenye programu jina lako andika na herufi ya kwanza ya ukoo, hapo hata yule wa kukosea hatakosea.