Tupeane uzoefu: kitabu ulichokisoma, kisha ukakikuta kinaimbwa jukwaani

Mleta mada (London)

Habari za leo wakuu. Juzi nilimpeleka binti yangu kuangalia Oliver!, mchezo wa kuimba uliotokana na riwaya ya Oliver Twist ya Charles Dickens, hapa London. Hadithi ya yule yatima niliisoma nikiwa kidato cha pili Tanga, kitabu kimoja tunapokezana watu wanne, na Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi, alinitia hofu hadi nikawa nakwepa vichochoro jioni. Dickens anamfikisha kwenye kitanzi. Usiku wake wa mwisho gerezani sijausahau. Jukwaani Fagin anaimba, watoto wanampenda, na mwisho anaenda zake akiwa hai. Monks, ndugu wa baba mmoja aliyekuwa akimtafutia Oliver maangamizi, hayumo kabisa.

Nilitoka nimenuna. Nyumbani nikasoma habari za Lionel Bart, aliyeutunga mchezo huu mwaka 1960 bila kujua kusoma wala kuandika noti za muziki. Alikuwa Myahudi. Na Dickens anamwita Fagin "Myahudi" ukurasa baada ya ukurasa. Hapo nikaelewa kwa nini Bart alimlainisha Fagin, nikaona nilimkasirikia mtu bure.

Sasa naomba tupeane uzoefu: ulianza na kitabu au na jukwaa? Kipi kiliondolewa kikakuuma, na kipi kilibadilishwa ukashukuru?

Dada wa Bukavu (Brussels)

Mimi kitabu kwanza, tena kwa lazima. Bukavu tulisoma kwa Kifaransa, na mwalimu alitukaririsha vipande vya Les Misérables. Victor Hugo alikitoa mwaka 1862 na hana haraka hata kidogo: kabla Jean Valjean, mfungwa aliyetoka gerezani, hajabisha hodi kwa askofu, umeshasoma mpaka hesabu ya matumizi ya nyumba ya askofu huyo. Jukwaani askofu anampa vinara vyake vya fedha ndani ya dakika chache na safari inaendelea. Kwa hiyo nilipokwenda kuuona mchezo London mwaka 2018, pale Queen's Theatre, nilikwenda nimejiandaa kukasirika.

Kilichoniweza ni jukwaa lenyewe. Lilikuwa linazunguka. Vijana wamekwisha kuuawa (haya ni maasi ya Juni 1832, si mapinduzi ya 1789 kama wengi wanavyodhani), kizuizi chao cha barabarani kikageuka taratibu, na kwa upande wa pili tukamwona Enjolras, kiongozi wao, ananing'inia kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Hakuna aliyekuwa anaimba. Mimi nimetoka mahali ambapo vijana wa rika langu walikufa barabarani, na sijawahi kuona vifo vyao vikinyamaziwa kwa heshima namna ile. Nililia, jirani yangu nisiyemjua akanipa leso.

Lakini liko jambo ambalo siwasamehe. Kitabuni mtoto Gavroche na binti Éponine ni ndugu, watoto wa wale Thénardier, mume na mke matapeli. Mchezo hausemi. Wote wawili wanafia kizuizi kimoja, mtazamaji anarudi nyumbani hajui kwamba familia moja imefiwa mara mbili. Na wale wazazi wamefanywa wachekeshaji, ilhali Hugo amewaandika kama watu wa kuogopwa.

Mwaka 2019 onyesho lile la zamani lilifungwa, likaja jipya ambalo jukwaa lake halizunguki. Aliyeliona aniambie: pale kwa Enjolras wanafanyaje?

Mwalimu mstaafu (Nakuru)

Sijawahi kufika Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho New York. Mwaka 2009 nilimtembelea mwanangu Toronto, wanafunzi wa chuo chake wakaigiza West Side Story, Romeo na Juliet iliyohamishiwa kwa magenge ya vijana wa New York, nami nikaketi safu ya pili.

Tatizo langu na Romeo na Juliet siku zote lilikuwa ile barua. Mtawa aliyetumwa nayo anafungiwa ndani kwa ajili ya tauni, barua haifiki, Romeo anakunywa sumu. Kila mwaka wanafunzi waliniuliza, "Mwalimu, yaani wamekufa kwa sababu mjumbe alikwama?" Sikuwa na jibu la kuwaridhisha.

Katika mchezo huu wa 1957 hakuna tauni. Mjumbe ni Anita. Tony, aliye mahali pa Romeo, amemuua Bernardo, mpenzi wa Anita, usiku uleule, na bado mwanamke huyu anakubali kumpelekea Tony ujumbe wa Maria, aliye mahali pa Juliet. Akifika dukani, vijana wa Jets, genge la kina Tony, wanamvamia na kumdhalilisha. Kwa uchungu anawatupia uongo: Maria ameuawa. Basi, hapo ndipo ujumbe unapofia, mikononi mwa chuki yao wenyewe. Na Maria hafi. Anabaki na bastola mkononi, anawaelekezea wote, hafyatui.

Nimefundisha Shakespeare miaka 26, na kwa hilo la mjumbe nawapa ushindi hawa waliokuja baada yake.

Mtu wa Muscat

Jukwaa kwanza, Phantom of the Opera, hadithi ya mtu mwenye kinyago anayejificha chini ya jumba la opera, Dubai 2019. Thuria ile ikishuka unainamisha kichwa bila kutaka. Baadaye nikasoma riwaya ya Gaston Leroux, nikakutana na mtu ambaye jukwaani hayupo: Mwajemi, anayemfahamu yule mwenye kinyago tangu Uajemi, na ndiye anayemshusha Raoul, mpenzi wa mwimbaji Christine, hadi chini ya jumba. Jukwaani kazi yake amepewa Madame Giry, mwalimu wa ballet. Nilisikitika sana.

Binti wa Mvita

Nilipoanza kazi mbali na Mombasa nilikuwa nikisema "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho. Watu wakacheka, mkubwa wangu akaniambia ninyooshe ulimi. Niliunyoosha. Ndiyo maana My Fair Lady, niliyoiona London Coliseum mwaka 2022, ilinibana kifua tangu Eliza, muuza maua, alipoanza kufundishwa matamshi na Profesa Higgins.

Katika mchezo wa 1956 Eliza anamrudia Higgins, naye anamuuliza ziko wapi sapatu zake. Bernard Shaw, mwenye Pygmalion, tamthilia ulikotoka mchezo huu, hakutaka hivyo. Aliandika hadi nyongeza kusema Eliza anaolewa na Freddy, kijana aliyempenda. Hii niliyoiona, sapatu zikaulizwa, Eliza akashuka jukwaani akenda zake. Nilisimama kupiga makofi kabla ya wakati.

Mleta mada

Dada wa Bukavu, hilo jipya nimeliona. Mwili wa Enjolras unaletwa juu ya mkokoteni, Gavroche yuko pamoja naye, na Javert, yule polisi anayemwinda Valjean, anawatazama. Hilo la undugu wa Gavroche na Éponine sikulijua. Mwezi ujao narudi na binti yangu, nitamwambia kabla pazia halijafunguliwa.