Nani kawatuma mnyooshe muvi? Watafsiri na wauza muvi wa Tanga mmezidi sasa

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira kwelikweli.

Kuna hii tabia imeota mizizi hapa Tanga, wa Ngamiani na Makorora mtakuwa mashahidi. Unaenda na flash yako dukani kurushiwa muvi, unaomba Memento ya Christopher Nolan ya mwaka 2000, unalipa hela yako, unafika nyumbani unakuta mtafsiri kaikata vipande kaipanga upya kuanzia tukio la kwanza mpaka la mwisho. Nimerudi kumuuliza jamaa wa duka ananijibu bila aibu, "Kaka hiyo tumeinyoosha, ile orijino inachanganya wateja." Nani kakuomba unyooshe??

Sikilizeni. Leonard, mhusika mkuu wa Memento, alipigwa kichwani usiku ule mkewe aliposhambuliwa, tangu hapo kumbukumbu mpya hazikai, baada ya muda mfupi zimefutika, ndo maana anatembea na picha za Polaroid na kajichora tatuu mwilini. Sini za rangi zinarudi nyuma, za blaki endi waiti zinakwenda mbele, mpaka zinakutana. Kwa hiyo kila sini ya rangi ikianza na wewe hujui umefikaje pale, mtu anakuchekea hujui rafiki au adui, uko gizani sawasawa na Leonard. Ukiinyoosha wewe unajua kila kitu, Leonard peke yake ndo hajui, unabaki kumwonea huruma tu. Hiyo ni muvi nyingine kabisa! Na asije mtu kuniambia mbona kuna DVD ilitoka na mpangilio ulionyooka, najua, ulifichwa ndani ya toleo maalumu kwa mtu aliyeshaiona yenyewe akitaka kuirudia, hawakumuuzia mtu ule kama ndo muvi.

Na Pulp Fiction ya Tarantino je, iliyobeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, 1994? Kibanda umiza kimoja huku kwetu kiliionyesha hivyohivyo, imenyooshwa. Kwenye orijino Vincent, muuaji wa kukodiwa, anapigwa risasi anakufa picha ikiwa katikati, halafu baadaye unamwona tena mzima, kaptula na tisheti, yuko mgahawani na Jules mwenzake wa kazi. Watu wakiona hivyo wanasema kanda mbovu. Si mbovu jamani! Asubuhi ile risasi zimewakosa wote wawili, Jules anasema huu ni mkono wa Mungu, kazi hii naacha, Vincent anambishia, na wewe uliyekaa pale unajua tayari anayebisha ndo atakayekufa. Wanatoka mlangoni, picha imeisha, wewe umebaki na siri ambayo wenyewe hawana. Ukinyoosha ile meza ya mgahawa inaangukia katikati, maneno yanapita hivihivi, na mwisho unabaki na Butch, yule bondia aliyemuua Vincent, anaondoka na pikipiki na demu wake. Mmeua kitu chote.

Amores Perros ya Mexico, ajali moja ya gari inarudi mara kadhaa kwa macho ya watu tofauti, nayo nasikia mtu kaipunguza ajali ikabaki moja. Sitaki hata kuitazama.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo sababu yao, kwamba watu wa hapa hawaelewi. Hawaelewi nini? Sisi tumelelewa na Alfu Lela Ulela, hadithi inazaa hadithi ndani yake na mtoto wa miaka sita hapotei. Na habari za barazani lini zilianzia mwanzo? Mtu anafika anasema "fulani kakamatwa", ndo mnaanza kurudi nyuma, alikuwa na nani, alitoka wapi, kila mmoja analeta kipande chake mpaka usiku unaingia. Binti ya Seko Shamte ya 2021 imepangwa kwa wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na sehemu yake ya hadithi, mbona watu wameiangalia na wameielewa?

Ninachotaka mimi, kama umeikata andika kwenye jina la faili IMEKATWA, mtu achague mwenyewe. Na mtafsiri akae kimya pale picha inapokaa kimya, asitangulie kutuambia nani anakufa. Mwenye kujua duka hapa Tanga linalorusha orijino, yenye maandishi chini tu bila mtu kuongea juu yake, aweke mtaa hapa, kesho asubuhi naenda na flash yangu.