Daftari la matendo ya Mungu: kwa nini hufa Februari?

Mzeituni: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kila Januari watu hununua daftari la kuandika aliyowatendea Mungu. Kufika Februari limeshakuwa la mahesabu ya duka. Kosa liko wapi? Na aliyefiwa aandike nini?

Benchi la Nyuma: Amen. Kosa ni kuandika "Mungu amenilinda, ni mwema". Baada ya miezi sita hujui alikulinda na nini. Andika tarehe, shida, ulichoomba, kilichotokea: "12 Machi. Ada imepelea 80,000, mwisho Ijumaa. Alhamisi jioni shemeji kalipa deni la mwaka juzi." Mara moja kwa wiki yatosha, wa kila siku huchoka. Ukurasa wa kushoto uache wazi, maana majibu mengine huja mwakani.

Someni Yoshua 4. Waisraeli walipovuka mto Yordani waliweka ukumbusho wa mawe 12, moja kwa kila kabila, wala hayakuokotwa popote: yalitolewa katikati ya Yordani, pale miguu ya makuhani iliposimama.

Tulia: Na yakasimamishwa Gilgali ili watoto waulize. Daftari la kabatini nani ataliuliza? Kwenye ibada ya nyumbani mtu asome ukurasa mmoja kwa sauti, si zaidi. Halafu kukumbuka nako kuna kupotoka: Hesabu 11:5, Waisraeli wako jangwani wanayataja matango na vitunguu vya Misri, utumwa hawautaji kabisa.

Benchi la Nyuma: Aliyefiwa asilazimishwe shukrani. Zaburi 77, mistari 9 ya mwanzo ni kilio. Asafu, mwenye zaburi hiyo, anafika hadi kuuliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Akigeuka, hataji hata jambo moja la nyumbani kwake. Anataja njia iliyopita baharini, Musa na Haruni wakiongoza. Basi mfiwa aandike kilio chake kwanza, bila kukipamba, na chini yake anakili tendo la kale la watu wote.

Fundi Taa: Tahadhari moja. Nyoka wa shaba wa Musa aliponya watu kweli (Hesabu 21), lakini kufikia enzi ya mfalme Hezekia watu walikuwa wanamfukizia uvumba, mfalme akamvunja (2 Wafalme 18:4). Ndivyo ushuhuda unavyogeuka kanuni: "nilifunga siku tatu nikajibiwa", basi kila shida siku tatu, na asiyejibiwa anaambiwa hana imani.

Mzeituni: Nimeelewa. Kwenye jumuiya, mtu asome la kwake au la mwenzake?

Tulia: La kwake. Na jina la mtu halitajwi bila ruhusa. Deni la shemeji halisomwi hadharani.