Naomba ushauri: mantiki ya mnunuzi inapimika kweli sokoni Kadutu?

Kijana wa Bagira: Jambo wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa uchumi hapa Bukavu. Nataka kupima kama mama wanaonunua chakula Kadutu wanachagua kwa mantiki, jinsi nadharia inavyodai. Direkta wangu, anayenisimamia utafiti, amekataa: eti chochote mtu atakachonunua, tutasema ndicho alichokipenda zaidi. Nimekatika nguvu. Nibadilishe mada?

Mwalimu wa Ibanda: Usibadilishe, mdogo wangu. Ukiangalia ununuzi wa siku moja, direkta ana haki. Chukua siku mbili zenye bei tofauti. Mama ana faranga 10,000. Kopo la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ni 2,000, la maharage 1,000. Anabeba sambaza 4, maharage 2. Wiki ya pili bei zimegeuka, sambaza 1,000, maharage 2,000. Kwa pesa ileile anabeba sambaza 2, maharage 4. Piga hesabu: kila wiki, kapu la wiki nyingine lingemgharimu 8,000 tu, naye akaliacha. Wiki ya kwanza ameonyesha anapenda kapu la kwanza kuliko la pili, wiki ya pili kinyume. Amejipinga. Mchumi Paul Samuelson alifungua njia hii mwaka 1938, mwenzake Sydney Afriat akaipanua 1967. Ila andika mapema, kabla hujafika sokoni, matokeo gani yatakuwa yameiangusha nadharia.

Mama wa Nyawera: Samahani mwalimu. Wiki ya pili nimepata wageni wasiokula samaki. Hapo nimejipinga wapi? Tena siku nyingine pesa ni ya bwana, na yeye ndiye amesema tununue nini.

Mwalimu wa Ibanda: Umegusa penyewe, mama. Tunapima mantiki pamoja na dhana kwamba mahitaji hayajabadilika na mwamuzi ni mmoja. Jaribio likishindwa, hujui kipi kimevunjika.

Kaka wa Panzi: Ili kukwepa hilo, uliza maswali kwa mpigo, kama haya mawili ya mchumi Mfaransa Maurice Allais, 1953. Kwanza: milioni 100 za uhakika, au nafasi 10 kwa 100 za kupata milioni 500, 89 za kupata 100, na 1 ya kukosa yote? Wengi hushika za uhakika. Pili: nafasi 11 kwa 100 za kupata milioni 100, au 10 kwa 100 za kupata milioni 500? Wengi hukimbilia 500. Majibu hayo hayapatani na nadharia ya manufaa yanayotarajiwa, inayosema mtu hupima thamani ya kila zawadi kwa nafasi ya kuipata. Kinachoanguka lakini ni kanuni yake moja ya kuchagua penye bahati nasibu, si wazo zima la mantiki.

Kijana wa Bagira: Basi nitampa kila mama karatasi za bei mbalimbali, kikao kimoja, achague peke yake.

Mama wa Nyawera: Na karatasi moja ichaguliwe kwa bahati nasibu, apewe kweli alichochagua. Ukiuliza mdomo mtupu, tutakujibu cha kukufurahisha.