Kodi ya majengo kwenye LUKU: nyumba moja, mita tano, kodi mara tano. Hii haikubaliki!

Wakuu,

Kodi ya majengo yenyewe hatuipingi. Mwenye nyumba alipe, hilo halina mjadala. Kinachotuumiza ni jinsi inavyokatwa. Tangu Agosti 2021 hapa Tanzania unakatwa pale unaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na tangu hapo kodi hii haimfuati mwenye nyumba wala haiifuati nyumba. Inafuata mita. Karibu kila kero mnayoisikia mtaani kuhusu makato haya chanzo chake ni hapo.

Viwango kwanza, maana wengi wanakatwa bila kujua wanachodaiwa. Mwaka 2021 ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 60,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini. Kuanzia Julai 2023 ikapanda hadi 18,000 na 90,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata ile 1,500 ya nyumba ya kawaida na 7,500 ya kila sakafu ya ghorofa. Hiyo 18,000 ni ya NYUMBA kwa mwaka mzima. Siyo ya mita, siyo ya chumba, siyo ya mpangaji.

Sasa chukua nyumba ya chini ya kawaida kabisa, vyumba vya kupangisha na fremu mbili za duka kwa mbele. Mwenye nyumba ameweka mita tano ili watu wasigombane juu ya umeme, jambo la busara kabisa. Kila mita ambayo haijaondolewa kwenye mfumo wa kodi inakatwa 1,500. Kwa mwezi ni 7,500, kwa mwaka ni 90,000. Nyumba haina hata ngazi, inalipa sawa na sakafu nzima ya ghorofa mjini! Shilingi 72,000 zimezidi, kila mwaka, na hakuna anayekupigia simu kukwambia umezidisha. Ungekuwa unadaiwa wewe, hata 1,500 isingepita.

Na hapo anayelipa siye mwenye nyumba. Ni wapangaji. Kodi ya jengo ni ya mmiliki, mpangaji tayari analipa kodi ya chumba, halafu anakatwa na ya jengo asilolimiliki. Serikali ilituambia wapangaji wakubaliane na wenye nyumba wakatane kwenye kodi ya pango. Mpangaji gani wa chumba kimoja atamkabili baba mwenye nyumba kwa ajili ya 1,500, wakati mkataba ni wa mdomo na notisi ni ya mdomo? Wenye mita ya kuchangia ndio balaa zaidi. Makato hutoka kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo anayewahi kununua tarehe moja ndiye anayebeba mzigo wa nyumba nzima. Matokeo yake watu wanakaa gizani wanasubiriana, nani aanze.

Tuangalie uniti, maana huko ndiko mtu anaumia. Mteja wa matumizi madogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa 100 kwa uniti, na ukiongeza VAT 18%, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1% inakuwa 122. Akinunua wa 5,000 alitakiwa kupata uniti kama 41. Ikikatwa 1,500 zinabaki 3,500, anapata 28.7. Uniti 12 zimeondoka, na kwa mtu wa taa mbili, redio na kuchaji simu hizo ni siku nyingi. Aliye kwenye bei ya kawaida ya 292, ambayo kwa makato yote inafika 356, kwa hiyo 5,000 yake anapata 9.8 badala ya 14. Asilimia 30 ya pesa yake imekwenda kabla hata hajawasha taa. Mwenye jumba kubwa anayenunua wa 200,000 kwa mara moja hata haioni hiyo 1,500. Kiwango ni kilekile, iwe nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji au jumba la chini lenye bwawa la kuogelea. Hii nayo mtu aieleze vizuri, kwa sababu haki yake haionekani.

Kuna nyumba isiyokaa mtu. Usiponunua umeme miezi sita, kodi haikusahau, inajilimbikiza. Siku unaingiza mpangaji, anunue wa 10,000, 9,000 inaondoka kama malimbikizo na anapata umeme wa 1,000. Wapangaji wapya, kabla hujatoa pesa ya miezi sita ya pango, nunua umeme kidogo kwenye ile mita mbele ya mwenye nyumba au dalali, usome meseji. Deni likionekana, alimalize mwenye nyumba, au lipunguzwe kwenye pango kwa maandishi.

Wazee ndio wanaotia uchungu. Mtu wa miaka 60 na zaidi amesamehewa kodi kwa nyumba yake moja anayoishi mwenyewe. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Lakini mita haijui umri wa mtu. Mita nyingi zina jina la fundi aliyeomba umeme, la aliyeuza kiwanja, au la marehemu. Kwa hiyo mzee anaendelea kukatwa mpaka yeye mwenyewe, na miguu yake ile, aende kuomba haki ambayo sheria imeshampa.

Kwa wanaokatwa isivyostahili, hivi ndivyo vitu vya kubeba mkienda ofisi inayosimamia kodi ya majengo wilayani kwenu: namba za mita ZOTE zilizo kwenye jengo, moja moja, mkionyesha ipi ibaki na kodi na zipi ziondolewe, kitambulisho cha taifa (NIDA), hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, barua ya serikali ya mtaa inayosema jengo ni moja na wewe ndiye mmiliki. Mzee aongeze maelezo kwenye barua hiyohiyo kwamba anaishi humo. Msifute meseji za LUKU. Ile meseji yenye tokeni ya tarakimu 20 huonyesha na deni lililokatwa, na huo ndio ushahidi pekee wa mtu wa kawaida. Piga picha za skrini, zichapishe. Barua yako ya maombi iombe mambo mawili, kusitisha makato na kuhesabiwa kilichozidi kwenye miezi ijayo, kwa sababu ukiomba la kwanza tu watalifanya hilo tu. Nakala yako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri hujaenda.

Na msichanganye hii na pango la ardhi. Hilo ni la kiwanja chenye hati, linalipwa kwa mwaka kwa kontroo namba (namba ya malipo) ya Wizara ya Ardhi, na kukatwa kwenye LUKU hakulifuti.

Tunachodai hakihitaji sheria mpya. Kila jengo lipewe namba yake, mita zote zifungwe kwenye namba hiyo, na ikishafika 18,000 kwa mwaka mfumo uache kukata. Tarehe za kuzaliwa ziko NIDA, wazee wasamehewe bila kuitwa ofisini. Meseji iseme kwa Kiswahili "kodi ya jengo, mwezi fulani, kiasi fulani", siyo kuficha kwenye neno deni.

Wenye nyumba mnaopangisha, mpaka hayo yafanyike, rudishieni wapangaji 1,500 zao. Ni deni lenu.