Naomba ushauri: kufundisha kwa vitendo kunanimalizia vipindi

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha fizikia. Juzi badala ya kuandika kanuni ya pendulamu (kitu kinachobembea kwenye kamba) ubaoni, niliwagawia wanafunzi kamba, mawe na saa za kuhesabia sekunde. Karibu wote walishikilia kwamba jiwe zito litabembea haraka zaidi. Wakapima wenyewe: kamba ya mita 1, jiwe dogo au kubwa, kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Wakaifupisha hadi sentimita 25, ikawa sekunde 1. Kuna binti huwa hafungui mdomo kabisa. Siku hiyo alirudia kupima mara tano, akidai saa ni mbovu!

Shida ni kwamba mada ya kipindi kimoja ilikula vitatu, na mtihani haungoji mtu. Darasa lina wanafunzi 60. Kwenye kundi la watu sita, wawili wanafanya kazi, waliobaki wanapiga soga. Alama za kundi nazitoaje kwa haki?

Mliopita njia hii, mada zipi mnazifanya kwa vitendo na zipi mnazipitia kwa maelezo tu? Na mkuu wa shule anayeona kelele ni utovu wa nidhamu, mnamwelewesha vipi?