Hita ya gesi imefungwa bafuni, moto una manjano. Nikague nini kabla wapangaji hawajaanza kuitumia?

Mama Ng'ong'ona (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote hamjambo.

Nina nyumba ya kupangisha huku Ng'ong'ona, wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi wa UDOM. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Vijana wakaanza kuchemsha maji ya ndoo kwa zile koili za umeme, Luku nikiijaza leo kesho kutwa inalia. Nikaona afadhali niweke hita ya gesi kwenye bafu la uani, halafu wachangie mtungi. Nimenunua mpya, ya lita 6 kwa dakika.

Fundi kaja, kafunga, kachukua hela yake, kaondoka. Jioni nikasimama pale niitazame inavyofanya kazi, na sikupenda nilichokiona.

Imefungwa ndani ya bafu, karibu na dirisha dogo la luva. Bomba la bati la moshi limetoboa ukuta moja kwa moja na kutokea upande wa mashariki, halina kofia wala nini. Ukifungua maji inalia tik tik tik, inakawia, halafu inawaka kwa mshindo. Kwenye kile kidirisha moto ni bluu chini, juu wote manjano. Upepo ukivuma, na wa huku mnaujua, moto unalala na ndimi zinachungulia chini ya kava. Nimepitisha kidole bati la juu, kimetoka na masizi. Hita mpya!

Mtungi ni wa kilo 15, kauweka humohumo bafuni nyuma ya mlango. Regyuleta ni ile yenye kitasa cha kuzungusha. Akaniambia, "Mama, ukiona maji hayachomi, ongeza hapa mwenyewe." Nikamuuliza kuhusu manjano, akasema ni mpya hiyo, itazoea.

Kijana mmoja kaoga, katoka analalamika kichwa kinamgonga na kichefuchefu. Nimefunga bafu kwa kufuli. Naomba wenye ujuzi mnieleze nikague nini, na fundi mwingine nimwambie arekebishe nini.

Kijana wa Makulu

Itazoea 😂😂 Pole mama. Huyo fundi mpigie sasa hivi kabla hajabadilisha laini.

Mzee Boila

Mama Ng'ong'ona, pole na hongera kwa hilo kufuli. Usilifungue mpaka kazi irudiwe. Mimi nimelea maboila ya hospitali hadi nikastaafu, sasa nafunga hita na majiko hapa mjini, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Kichwa cha huyo kijana usikichukulie poa. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu, haina rangi. Harufu unayoisikia kwenye gesi ya mtungi ni dawa iliyotiwa makusudi ili ukijue kivujo. Moshi wa sumu haukupi taarifa hiyo. Bafu dogo, luva zimefungwa kwa ajili ya baridi, bomba la moshi linapigwa na upepo usoni: moshi unarudi kwa anayeoga. Mpeleke huyo kijana zahanati kama bado hajisikii vizuri.

Kwa hiyo la kwanza, hita ya namna hiyo, inayovuta hewa ya chumbani, haifungwi bafuni kabisa. Itoke. Ifungwe ukuta wa nje chini ya upenu, maji ya moto tu ndiyo yaingie ndani kwa bomba. Chagua upande wa magharibi wa hilo bafu, maana upepo wetu mwingi unatoka mashariki. Bomba la moshi lipande kwanza wima, angalau sentimita 25 kutoka kichwani mwa hita kabla ya kukata kona, na mwisho wake uwe na kofia. Huyo aliyelitoa kwa kona moja kwa moja ukutani hakuacha mvuto wowote wa kupandisha moshi. Na mtungi nao utoke. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mtaro wa bafu, inasubiri cheche ya hiyo tik tik.

Sasa regyuleta. Hapa ndipo nilipokasirika. Angalia kibati kilichobandikwa ubavuni mwa hita, utaona aina ya gesi na shinikizo lake. Nyingi zinazouzwa huku zimeandikwa 2800 Pa, yaani paskali 2800, sawa na milibaa 28. Hiyo ni presha ndogo sana, inainua maji kwenye mpira sentimita 28 na nusu tu. Regyuleta ya kitasa ni ya majiko makubwa ya mahoteli na mama lishe, inaweza kusukuma presha ya baa moja (milibaa 1000) na zaidi, mara thelathini na kitu ya kinachotakiwa. Ndiyo maana moto unatapika chini ya kava. Nunua ile ya nyumbani isiyorekebishwa, ya milibaa 28 hadi 30, na hiyo ya kitasa iondoke kabisa hapo nyumbani, asije mpangaji akaongeza.

Kibati hichohicho kikikuambia hita ni ya gesi asilia, ile ya mabomba waliyonayo baadhi ya watu wa Dar, irudishe dukani. Matundu yake ni makubwa kwa gesi ya mtungi, manjano hayataisha hata ukibadilisha regyuleta mara ngapi.

Ukishapata fundi mwingine, mwambie apime presha hita ikiwa inawaka, si ikiwa imezimwa. Akikuambia hana kipimo, mpe mpira mwembamba wa kuonyesha ndani, aukunje herufi U, aujaze maji nusu, aweke kiungo cha T kabla ya hita na kuunganisha ncha moja. Tofauti ya maji pande mbili, pima kwa rula. Afanye hivyo baada ya kubadilisha regyuleta, la sivyo maji yote yatamrukia.

Chinyoya Original

Mzee unamtisha mama wa watu bure. Manjano kidogo ni kawaida kwa Dodoma, tuko juu, hewa nyepesi. Na kuvuja mimi nakagua kwa kiberiti tu, napitisha kwenye maungio, kama inavuja unaona. Miaka yote sijaungua.

Mzee Boila

Kuhusu hewa nyepesi una ukweli kidogo. Tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jiko lililotulia Dar linaweza kuonyesha vincha vya manjano likifika huku. Vincha. Si nusu ya moto, na si masizi.

Kuhusu kiberiti sitabishana na wewe mwanangu. Mama, wewe tumia sabuni ya maji na sifongo. Koroga povu zito, paka shingo ya mtungi, regyuleta, ncha zote mbili za mpira, halafu tazama kwa utulivu. Kivujo kidogo hakirushi mapovu kwa fujo, kinafura kipovu kimoja polepole, unaweza kukikosa ukiwa na haraka.

Dada wa Kisasa

Naongezea kwenye kukawia kuwaka. Mama, simtanki lako liko juu kiasi gani? Ndani ya hita kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji, kisiposukumwa vya kutosha hita inalia tu bila kuwaka, au gesi inatangulia ndipo unasikia ule mshindo. Kila mita moja ya kimo inakupa baa 0.1, na hita ndogo nyingi zinataka walau 0.2 hadi 0.3. Mnara mfupi hautoshi. Mimi ilibidi niweke pampu ndogo. Angalia na mawe pia, yaani betri, yale mawili makubwa ya chini, madukani kuna feki nyingi.

Jingine, maji yetu ya chumvi. Angalia birika lako lilivyo jeupe ndani, na mabomba ya hita yatakuwa hivyohivyo. Usiweke joto la juu sana kisha ukachanganya na maji ya baridi, chokaa inaganda haraka kwenye moto mkali. Mimi yangu naisafisha kwa siki maji yakianza kupungua.

Mama Ng'ong'ona

Asanteni sana wanangu, na wewe mzee wangu Mungu akuzidishie. Kijana yuko salama, alipimwa.

Kazi imerudiwa. Fundi wa safari hii ni binti wa VETA, mdogo hivi, lakini alitoa mpira wake wa U mfukoni hata kabla sijamaliza kusimulia. Hita iko nje upande wa magharibi, bomba limepanda na lina kofia, mtungi uko nje kwenye kibanda cha wavu. Kibati kinasema gesi ya mtungi, 2800 Pa, kilowati 12. Maji kwenye U yalikaa sentimita 28 na kitu hita ikiwaka. Kwenye povu tukakuta mpira ulifungwa kwa waya badala ya kibanio, kipovu kikafura polepole kama mzee alivyosema. Ameweka kibanio. Kimo cha tanki kinatosha, mawe ndiyo yalikuwa yamekwisha nguvu.

Halafu akaniomba udi. Nikashangaa, nikadhani anataka kufukiza mkosi wa yule fundi. Akauwasha, akaacha hita iwake kama dakika tano, akausogeza pale juu penye uwazi kati ya hita na bomba. Moshi wa udi ukainama, ukaingia ndani ya hita kama uzi unaovutwa. Akasema ungekuwa unasukumwa nje tungelala na kazi. Moto sasa ni bluu, hautikisiki hata upepo ukija.

Lakini asubuhi maji ni vuguvugu tu! Nimefungua gesi yote. Naogopa kusema nirudishe regyuleta ya kitasa, mtanipiga.

Mzee Boila

Huyo binti nitafutie namba yake, nina kazi za kumpa. Namba niandikie faragha, si hapa.

Regyuleta usiiguse. Chukua ndoo ya lita 10, tazama inajaa kwa muda gani ukifungua maji ya moto peke yake. Halafu kipimajoto, pima maji yanayoingia na yanayotoka. Niletee hizo tarakimu.

Mama Ng'ong'ona

Ndoo inajaa dakika moja na sekunde 40. Yanaingia nyuzi 18, yanatoka 36. Kipimajoto nimeazima kwa jirani anayegandisha mtindi.

Mzee Boila

Basi ni lita 6 kwa dakika, na yamepanda nyuzi 18. Zidisha 6 kwa 18, kisha zidisha 0.07: unapata kilowati 7 na nusu zilizoingia kwenye maji. Hita yako inaunguza 12, na hita nzuri inafikisha kwenye maji kama 10 hivi. Kuna robo imepotea. Presha tumeshaipima, hita ni mpya haina chokaa. Angalia vitasa vya mbele, kuna kimoja kina picha ya jua na ya theluji. Nina hakika kiko kwenye jua.

Upande wa jua kinafunga baadhi ya mistari ya moto ili usiungue wakati wa joto. Kipeleke kwenye theluji. Kama bado hayatoshi, punguza kitasa cha maji kidogo: maji machache kwa moto uleule, joto linapanda. Ukifika 42 kwa kuoga inatosha, usitafute ya kunyonyolea kuku.

Mama Ng'ong'ona

Kilikuwa kwenye jua! Sasa yanatoka 43, ndoo inajaa polepole zaidi kidogo lakini hakuna aliyelalamika. Na ukifunga maji moto unazimika palepale, nimejaribu mara kadhaa.

Mzee, la mwisho. Niwachangishe vipi? Mtungi wa kilo 15 unaogesha watu wangapi?

Mzee Boila

Kilo moja ya gesi ina kama kilowati-saa 12.8. Hita ya kilowati 12 ikiwaka saa nzima inakula kilo moja kasoro kidogo. Mtu akioga dakika 10 ni gramu 150 hadi 160. Mtungi wako ni bafu 90 na kitu, kwa dakika kumikumi. Gawa bei ya mtungi kwa 90, hiyo ndiyo bei ya bafu moja.

Kijana wa Makulu

Dakika kumi? Mzee hujaishi na wanafunzi wewe. Kuna wanaofua humohumo.

Mama Ng'ong'ona

Wa kufua nimeshawajua. Bei nitagawa kwa 60.